Wenye Mabwana Watangulie

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha wajawazito, likachakaa, likabandikwa jingine: WENYE MABWANA WATANGULIE. Nia ilikuwa njema. Wakubwa wa afya walitaka wanaume waje kliniki, wapimwe damu pamoja na wake zao, wasikie kwa masikio yao wenyewe. Lakini mwanamke aliyekuja peke yake alikaa kwenye benchi tangu mlango ufunguliwe mpaka chai ya wauguzi ianze kunukia, huku wengine wakimpita wakiwa na mwanamume mkononi kama tikiti.

Nduta alikuwa amekaa kwenye benchi hilo mara mbili, na mara mbili akaondoka bila kuhudumiwa, kwa sababu nguo za watoto alizouza soko la Muthurwa hazikujiuza zenyewe. Mimba ilikuwa imeanza kuonekana. Ile iliyotangulia ilikuwa imefika miezi saba, ikaisha Desemba. Mtoto wa kike alizaliwa akiwa ameshakufa, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Mama mkwe alisema ni kubeba marobota ya mitumba. Mchungaji alisema tusimuulize Mungu. Nduta aliacha kubeba marobota, akaacha pia kumuuliza Mungu, lakini kila asubuhi aliamka akashika tumbo kabla hajafungua macho. Alitaka mtu mwenye kipimo amwambie kitu kuhusu huyu wa sasa, ili asimpoteze kama alivyompoteza yule.

"Si uende na bwanako?" aliuliza Sally, aliyeuza viatu vya watoto kibanda cha pili.

"Anachomelea geti la mtu huko Njiru. Nimemwomba mpaka nimechoka. Ati kliniki ni ya wanawake, yeye aende akapimwe tumbo?"

Sally alicheka hadi akaweka chini kiatu alichokuwa akipiga rangi. "Basi chukua wa steji ya boda! Kwani umekuja Nairobi jana? Mimi huyu wangu wa mwisho nilienda na mtu wa boda. Nilimwita beibi mbele ya sista, maskini akatoa jasho. Nikahudumiwa nikarudi hapa kabla soko lichangamke."

"Na sista hakujua?"

"Sista ako na watu mia. Anahesabu suruali tu."

*

Muoki aliendesha bodaboda kwenye steji iliyokuwa mbele ya ploti ya vyumba vya kupanga alikoishi Nduta, pale Kayole. Alimjua Mbugua, mume wa Nduta, kwa salamu za asubuhi na ubishi wa mpira wa jioni. Alikubali kwa mafuta ya pikipiki na chapati mbili. Njiani alimuuliza Nduta mambo ambayo mume anapaswa kujua: mtoto wa kwanza anaitwaje, ana miaka mingapi, mke hupenda kula nini.

"Hiyo ya mwisho usijali," Nduta alimwambia. "Mwenyewe hajui."

Walipita benchi zima. Wanawake waliokaa pale waliwatazama kwa chuki, na Nduta, aliyewahi kutazama hivyo hivyo, aliinamisha macho. Ndani, Sista Nzisa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliuliza jina la baba. Muoki akasema, "Mbugua," bila kusita. Walichomwa vidole, wakaambiwa wasubiri palepale.

Sista alianza na mwanamume. "Baba Shirleen, huna virusi vya UKIMWI, huna kitu chochote." Kisha akavuta kiti karibu na Nduta. "Mama, virusi na wewe huna. Lakini kipimo cha kaswende kimeshika."

"Kaswende ni nini?"

"Ugonjwa wa zinaa. Unaupata kwa kulala na mtu aliye nao. Ulishawahi kuona kidonda huko chini? Kisichouma?"

"Sijawahi, sista. Haki ya Mungu."

"Kinaweza kukaa ndani kabisa, mwanamke asikione. Kinakuja, kinakauka chenyewe, mtu anasema nimepona. Hajapona. Kidonda kimeondoka, ugonjwa umebaki kwenye damu. Baadaye unaweza kuona vipele, hata kwenye viganja na nyayo, navyo vinapotea. Bado uko." Aliweka mkono juu ya tumbo la Nduta kama mtu anayegonga mlango. "Sasa huyu hapa anakula kutoka kwako kupitia kondo la nyuma. Chakula kinapopita, na kaswende inapita. Wengine wanazaliwa na mifupa mibovu, wengine vipofu. Wengine hawafiki. Ulishapoteza mimba?"

Nduta alitazama mkono ule. Mtu mwenye kipimo alikuwa amemwambia kitu.

"Desemba," alisema. "Wa miezi saba."

"Na ulikuwa unakuja kliniki?"

"Nilikuja nikaona benchi ni refu."

Sista Nzisa aliandika kwenye kadi. Alimgeukia Muoki, akamtazama, akamrudia Nduta, na sauti yake ikapoa kwa namna mbaya. "Lakini bwanako ni safi, mama. Sasa wewe uliitoa wapi?"

Hapo ndipo Nduta angesema. Maneno yalikuwa machache: huyu si bwanangu. Lakini benchi lilikuwa nje, limejaa masikio, na mlango ulikuwa wazi nusu. Angefukuzwa, angechekwa, angerudi nyuma ya wote, na sindano ilikuwa tayari juu ya meza. Alitaka dawa imfikie mtoto wake leo. Alinyamaza, akaonekana malaya, akaona bei hiyo si kubwa.

"Inatibika," sista alisema. "Hilo ndilo linaloniudhi na ugonjwa huu, unatibika kwa dawa ya zamani kabisa, na bado unatuzikia watoto. Nitakudunga. Na baba pia nitamdunga."

Muoki aliruka. "Mimi? Si umesema niko safi?"

"Kipimo kinaweza kuchelewa kuonyesha. Ukilala na mwenye nayo, unadungwa. Nikimtibu mama nikakuacha, mtarudishiana kama mpira. Geuka, shusha suruali."

Muoki alimtazama Nduta. Nduta alitazama sakafu. Akageuka.

"Msilale pamoja mpaka niwaambie," sista aliendelea akimsugua kwa pamba. "Na nikiwaambia, mtumie mpira mpaka mama ajifungue. Umesikia, baba?"

"Nimesikia, sista," alisema Muoki kwa utiifu ambao waume wa kweli hawaonyeshi.

Nje, karibu na pikipiki, alisimama mguu mmoja. "Mama Shirleen, mimi nilikubali kuwa bwana. Sikukubali kudungwa. Hii sindano ni ya ng'ombe! Sasa nitakalia nini?"

Nduta alicheka mpaka machozi yakatoka, kisha machozi yakabaki peke yake.

"Usiambie mtu, Muoki."

"Mimi? Mimi ni kaburi."

*

Mbugua aliporudi jioni hiyo aliketi kwenye ngazi za ploti na beseni, akanawa mikono kwa mafuta ya taa halafu sabuni ya unga, kama afanyavyo kila fundi wa vyuma. Nduta alimletea maji ya kusuuza. Viganja vyake vilikuwa na madoa mekundu, makavu, yenye ukubwa wa vifungo vya shati.

"Hii ni nini, Baba Shirleen?"

"Mabati ya siku hizi. Wanapaka dawa mbaya."

"Na kwa nyayo? Unachomelea na miguu?"

Alinyanyua uso. Nduta aliketi ngazi ya chini yake, akamwambia yote aliyoambiwa: damu, kidonda, kondo la nyuma, mtoto wa Desemba. Hakumwambia kuhusu Muoki. Alisema tu kwamba sista anamtaka naye aende kudungwa.

Mbugua alisugua kucha moja. Kidonda alikikumbuka. Kilikuja mwaka jana baada ya ile kazi ya mageti ya hoteli kule Naivasha, ambako mafundi walilala wiki kadhaa mbali na nyumbani, na ambako kulikuwa na mwanamke aliyewapikia. Alikuwa amejiambia kwamba cheche iliingia suruali. Fundi huchomeka, nani angeshangaa? Alikwenda duka la dawa, akaeleza bila kuvua kitu, akapewa vidonge kwenye bahasha ya khaki. Kidonda kilikauka. Aliamini vidonge vilikikausha, naye alikuwa na haki ya kuamini hivyo, kwani aliyemuuzia aliamini hivyo pia.

"Hiyo ilipona kitambo," alisema hatimaye.

"Kumbe ilikuwepo."

"Nimesema ilikuwa cheche."

"Cheche ilipita suruali ikaacha suruali nzima?"

"Nduta, usinipande kichwani. Umedungwa?"

"Nimedungwa."

"Basi. Wewe ndiye umebeba mtoto, wewe ndiye umedungwa, mtoto amekingwa. Mimi nimebeba nini? Nitaenda nikimaliza hii geti."

"Ukinirudishia je?"

"Nikurudishie nini, na nimekwambia ilipona?"

Geti lile liliisha, likaja jingine. Nduta alitoa mipira aliyopewa na sista, akaiweka chini ya godoro upande wake. Siku alipoitaja, Mbugua alimtazama kama mtu aliyekuta bango la kuuza nyumba yake mwenyewe ukutani.

"Mpira? Ndani ya nyumba ninayolipia mimi? Mimi ni mteja?"

"Ni mpaka nijifungue tu. Ama uende udungwe, chagua."

"Na mama amesema nini? Baba asipokaribia mimba, mtoto atafungaje mwili? Njia itafunguka na nini?"

Mama yake alikuwa amesema hivyo kweli, kwa simu, na aliambiwa hivyo na mama yake mwenyewe. Mtoto hajengwi na baba kila juma kama ukuta. Mbegu moja hukutana na yai moja, basi; kazi ya baba imekwisha, na yanayobaki ni ya mji wa mimba na chakula na damu safi. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia hivyo Mbugua. Shuleni mwalimu alikifunga kitabu alipofika ukurasa ule, darasa likacheka, wakaenda mapumziko.

Jumamosi Nduta alirudi kutoka sokoni akakuta watoto wa ploti wanakimbiza puto refu jeupe uani, na Shirleen wake, wa miaka mitano, ndiye mwenye puto, akipiga kelele za furaha. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha kufua.

"Mama Shirleen, hizo baluni za kwenu mnanunua wapi?" mmoja aliuliza, na wengine wakaanguka juu ya mabeseni kwa kicheko.

"Baba ndiye amenipea," alisema Shirleen. "Amesema ni zangu zote."

Nduta alizikusanya moja moja. Baada ya hapo alimkatalia Mbugua kitandani mara ya kwanza, akakataa mara ya pili. Mara ya tatu Mbugua alimuuliza, kwa sauti ya chini na ya kweli kabisa, kama kuna mwanamume mwingine anayemfanya akatae. Nduta alifikiria Muoki ameandikwa wapi na kwa jina la nani, akaogopa, akaacha kukataa.

*

Aliporudi kliniki kupimwa tena alikwenda peke yake, akakaa benchi zima mpaka mwisho. Sista Nzisa alisoma majibu mara mbili.

"Kaswende ilipaswa iwe imeshuka. Imepanda." Alivua miwani. "Mama, mimi mwenyewe nilikudunga. Mimi mwenyewe nilimdunga bwanako, hapa, amesimama hapo. Sasa niambie tu kama mwanamke na mwanamke. Uko na mtu wa nje?"

"Sina."

"Damu haidanganyi. Umeambukizwa upya. Bwanako ni msafi na ametibiwa. Imetoka wapi? Kwa hewa?"

"Yule hakuwa bwanangu."

"Nani?"

"Uliyemdunga. Ni mtu wa boda."

Sista Nzisa aliweka miwani juu ya meza. Uso wake ulipitia hasira, kisha kitu kingine. "Mnaniletea watu wa barabarani nawachoma sindano! Nani alikwambia ufanye hivyo?"

"Mlango wenu," alisema Nduta.

Wote wawili walitazama mlango. Tangazo lilikuwa upande wa nje, lakini herufi zake zilionekana kwenye kioo kinyumenyume.

Sista hakuomba radhi. Hakuwa na desturi hiyo. Alimdunga tena, kwa upole kuliko mara ya kwanza, akaomba nambari ya Mbugua akapiga papo hapo. Nduta alisikia mlio wa jiwe la kusagia chuma, kisha sauti ya mumewe: "Sista, niko juu ya ngazi," kisha hakuna kitu. Sista alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

"Mlete," alisema sista. "Leo, kesho, mvute kwa masikio. Dawa inahitaji muda kumfikia mtoto, na muda wako umebaki kidogo. Na asikuguse. Umesikia? Asikuguse."

"Nimwambie nini ambacho sijamwambia?"

Sista alimrudishia kadi yake. Nje mtu alikuwa tayari anagonga.

*

Nduta alifikiria kwamba mwanamume husikia mwanamume. Alimwomba Muoki aongee na Mbugua, faraghani, kiungwana. Lakini Muoki hakuwa kaburi. Siku ile ile ya sindano alikuwa ameeleza steji kwa nini anaendesha amekaa upande, na hadithi ilikuwa nzuri mno kukaa mahali pamoja. Mbugua alipopita pale akitoka kazini, na mashine yake ya kuchomelea begani, Muoki hakuwa hata amefungua mdomo wakati jamaa mmoja mwenye jaketi la njano alipopaza sauti.

"Niaje, mume mwenza!"

Steji ilicheka. Mbugua akacheka nao, kwa kuwa hakuelewa.

"Mume mwenza wa nani?"

"Muulize Muoki. Yeye ndiye Baba Shirleen wa huko kliniki!"

"Nyamazeni, nyinyi," alisema Muoki, akashuka kwenye pikipiki. "Kaka, njoo kando nikuelezee. Si vile unafikiria. Mama alitaka kuhudumiwa haraka, wewe ulikuwa kazini, mimi nikasimama tu. Kusimama! Lakini kuna jambo. Ule ugonjwa ni wako, kaka, si wake. Mimi nilipimwa, niko safi. Nenda. Ni sindano tu."

"Umejuaje ugonjwa wa bibi yangu?"

"Nilikuwepo sista akisema."

"Ulikuwa ndani?"

"Kaka, nilidungwa sindano yako! Siku mbili sikukalia hii mashine vizuri. Nakudai tako moja."

Alisema hivyo ili kupunguza makali, kama wanavyofanya watu wa steji, na steji ilimsikia ikapiga honi zote pamoja. Mbugua aliweka mashine chini taratibu. Kama Muoki angempiga ngumi ingekuwa afadhali kwa kila mtu. Alitazama nyuso zile, akachukua mashine yake, akaondoka.

Nyumbani hakupiga wala hakupaza sauti. Alikusanya nguo zake za kazi kwenye mfuko wa simiti.

"Ulimpa jina langu," alisema.

"Nilimpa kwa sababu mwenyewe ulikataa kulileta."

"Akashushwa suruali mbele yako."

"Baba Shirleen, twende kesho. Tafadhali. Nitapiga magoti hapa mlangoni watu wote waone. Mtoto anakufa."

"Mtoto wa nani?" Alifunga mfuko. "Ugonjwa umeutoa mahali ulikomtoa huyo bwana. Mpeleke huyo mtoto kwa baba yake wa kliniki."

Hakuamini hayo kwa moyo wote. Viganja vyake alikuwa navyo. Lakini ukienda kupimwa unajua, na ukijua, mtoto wa Desemba ana mtu wa kuulizwa. Ilikuwa rahisi zaidi kuwa mume aliyesalitiwa. Alikwenda akalala kwenye karakana, Njiru, katikati ya mageti ya watu wengine, akamwacha Nduta na Shirleen na siku zilizobaki.

*

Mtoto aliacha kucheza Jumanne. Nduta alikunywa maji baridi yenye sukari, akalala ubavu, akasubiri. Mchana alisimama mlangoni, na mtu pekee aliyekuwa karibu mwenye chombo cha kumfikisha hospitalini alikuwa Muoki. Hakusema mzaha hata mmoja njia nzima. Kwenye wodi ya uzazi walimuuliza jina la baba, akasema mimi ni dereva tu, nao hawakumsikiliza, walikuwa wanamkumbuka kutoka kliniki.

Alikuwa mvulana. Alitoka kimya, amevimba tumbo, ngozi ya viganja na nyayo imebanduka kama karatasi iliyolowa. Sista Nzisa hakuwa zamu ya huko, lakini mtu alimwita, akaja, akasimama miguuni pa kitanda na mikono imelegea. Nduta alimwomba leso aliyokuwa amemnunulia mtoto, ya manjano, iliyokuwa kwenye mfuko. Akamfunga mwenyewe.

Sally ndiye aliyempigia Mbugua. Naye Mbugua alifika na vumbi la chuma kwenye kope, mbio, na langoni pa wodi akazuiwa na muuguzi kijana aliyekuwa na kalamu sikioni.

"Unaenda wapi?"

"Kwa bibi yangu. Nduta. Amejifungua."

"Wewe ni nani wake?"

"Bwanake. Mbugua."

"Mbugua tunamjua," alisema muuguzi. "Mfupi, wa pikipiki. Ameondoka sasa hivi. Wewe ni nani?"

"Huyo si Mbugua. Mimi ndiye Mbugua."

"Kila mtu hapa ni bwana ya mtu. Nyinyi ndugu za bwana mnasumbua sana. Subiri mwenyewe aje."

"Dada, mimi ndiye mwenyewe!" Sauti yake ilipasuka. Watu walioketi kando ya ukuta waligeuka. Alianza kujipapasa mifuko, akitafuta kitambulisho, vikianguka vipande vya waya wa kuchomelea, skrubu, risiti ya rangi. Alipokipata alikinyanyua kwa mikono miwili mbele ya uso wa msichana yule. Msichana alitazama picha, akatazama viganja vilivyoshika picha, vyenye madoa mekundu, akasogea kando bila kugusa kadi.

Nduta alikuwa amelala ameelekea ukutani, leso ya manjano kifuani pake. Mbugua alipiga magoti, akanyoosha mkono.

"Usiniguse," alisema Nduta.

"Mama Shirleen..."

"Usiniguse kabla hujadungwa. Wala yeye usimguse."

"Nduta, nimeona. Wanasema alikuwa kijana."

Hakugeuka. "Sally atamleta Shirleen. Nenda ukadungwe. Hilo tu ndilo nilikuwa nakuomba, na ndilo nakuomba."

*

Sista Nzisa alimpeleka mwenyewe hadi kliniki, upande wa pili wa uwanja, akamwonyesha benchi. "Kaa hapo nitakuita. Kuna watu mbele yako."

Mbugua aliketi. Benchi lilijaa wanawake wenye matumbo, na yeye peke yake ndiye aliyevaa suruali. Aliviweka viganja vyake kati ya magoti. Mbele yake, kwenye mlango, kulikuwa na tangazo, na kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kutazama, alilisoma. Alilisoma tena.

Msichana aliyeketi karibu naye, mjamzito, na viatu vya shule vilivyokatwa visigino, alisogea.

"Brathe," alinong'ona. "Uko peke yako?"

Mbugua alisogea kumpa nafasi.

"Niko hapa tangu asubuhi, na mwenye duka atanifuta. Ingia na mimi tu. Useme wewe ndiye bwana. Ni dakika kidogo, wanakuchoma kidole, basi."

"Mlete mwenyewe," alisema Mbugua.

"Nani?"

"Mwenye mtoto. Mpigie simu aje. Mwambie..." Alitazama tena tangazo. "Mlete mwenyewe, dada."

Msichana alimwangalia kutoka viatu hadi vumbi la kope. "Kwani wewe hukuwahi kubanwa na kazi? Mwenyewe anasema kliniki ni ya wanawake." Alifyonza, akanyanyuka kwa kushikilia ukuta, akaenda mpaka langoni, ambako vijana wa bodaboda walikuwa wameegesha wakisubiri abiria.

Mlango ulifunguliwa. "Wenye mabwana!" iliita sauti ya ndani.

Mbugua alimwona msichana akiongea na mmoja wao, akionyesha mlango kwa kidole. Kijana yule hakuuliza mengi. Alikuwa tayari ameanza kuvua helmeti.